Toazi zito, sauti nyembamba: jinsi ya kupima uzito kabla ya kununua

Katika Kiswahili sauti huitwa nzito inapokuwa ya chini, kama mlio wa ngoma kubwa katika chakacha, na huitwa nyembamba inapopanda juu, kama mlio wa zumari. Usemi huo hututosha katika mambo mengi, lakini humpotosha mpiga dramu anayeingia dukani kutafuta matoazi, kwa sababu katika shaba maneno hayo mawili hukaa kinyume: toazi zito hutoa sauti nyembamba, na toazi jembamba hutoa sauti nzito. Mimi mwenyewe nilipotoka hapo. Krashi ya kwanza, yaani toazi la kupigia mikazo, niliyoinunua kwa fedha zangu ilikuwa ya inchi 18, na niliichagua kwa kunyanyua krashi tatu za bei moja na kuchukua ile iliyoelemea mkono zaidi, nikiamini kwamba shaba nyingi ingenipa mvumo mpana wa kulijaza kanisa. Nilichopata ni chombo kilicholia kama kengele ya shule, kisichofunguka, yaani kisichotoa mvumo wake kamili, mpaka kipigwe kwa nguvu nyingi, na waimbaji waliosimama mbele yangu walikuwa wakiinamisha vichwa kila nilipokigusa. Muuzaji hakunidanganya kwa lolote. Nilimuuliza bei na chapa, sikumuuliza gramu.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mpiga dramu wa Mombasa ambaye fedha zake hutosha kununua toazi moja kwa wakati, awe anapiga kanisani Kisauni au Changamwe, hotelini Nyali au Bamburi, au katika bendi za harusi. Mtu wa namna hiyo hana nafasi ya kununua, kujuta na kununua tena, na uzito ndicho kipimo kimoja anachoweza kukichukua kwa uhakika hata akiwa mbali na chombo chenyewe.

Kwa nini uzito hupandisha sauti

Mtu angetarajia kwamba kitu kizito hutikisika polepole, na kwa hiyo hutoa sauti ya chini. Ingekuwa hivyo kama uzito ungebadilika peke yake. Lakini matoazi mawili ya inchi 18 hayatofautiani uzito ila kwa kutofautiana unene, na bamba likiongezwa unene, ukakamavu wake hukua upesi kuliko uzito wake: unene ukiwa mara 2, uzito nao huwa mara 2, ilhali nguvu inayohitajika kulipinda huwa mara 8. Bamba kakamavu likitikiswa hurudi mahali pake kwa haraka zaidi, na mitikisiko ya haraka ndiyo tunayoisikia kama sauti ya juu. Upana nao huvuta upande wa pili, kwa kuwa bamba pana zaidi lenye unene uleule hutikisika polepole na sauti yake hushuka. Yeyote aliyekulia katika nyumba ya Pwani ameusikia ukweli huu jikoni: kinu kidogo cha shaba cha kutwangia iliki ni kinene, na mlio wake hupenya mpaka nyumba ya jirani, lakini sinia pana la shaba likianguka sakafuni huvuma kwa sauti ya chini iliyotawanyika.

Kwa sababu hiyo, kusema kwamba toazi lina gramu 1,500 bila kutaja inchi zake ni sawa na kutaja bei ya kitambaa bila kutaja idadi ya mita. Gramu na inchi lazima zisomwe pamoja, na njia rahisi ninayoitumia ni kuzidisha kipenyo kwa kipenyo, kisha kugawanya gramu kwa zao hilo; namba inayopatikana mwishoni ndiyo nitakayoiita jibu. Chukua krashi ya inchi 16 yenye gramu 1,000. Kumi na sita mara kumi na sita ni 256, na 1,000 ukiigawanya kwa 256 unapata 3.9. Chukua na krashi ya inchi 18 yenye gramu 1,250. Kumi na nane mara kumi na nane ni 324, na 1,250 ukiigawanya kwa 324 unapata 3.9 vilevile. Mkononi, krashi ya pili ni nzito kwa robo kilo nzima, na mnunuzi asiyepiga hesabu ataiita nene, lakini unene wa wastani wa krashi hizi mbili ni uleule. Kinachozitenganisha ni upana, na ile pana ndiyo yenye sauti ya chini zaidi.

Hesabu hii haidai kusema kila kitu, kwa sababu toazi halina unene mmoja kutoka katikati hadi ukingoni. Kwa kawaida huwa nene karibu na nundu ya katikati, ile ambayo wapiga dramu huiita beli, na huzidi kuwa jembamba kuelekea ukingo. Matoazi mawili yenye jibu moja yanaweza kuachana, moja likiwa na ukingo mwembamba unaofunguka upesi na jingine likiwa na ukingo mnene. Hata hivyo jibu hilo huondoa makosa makubwa, na makosa makubwa ndiyo yanayotugharimu. Kwa kadirio langu, krashi yenye jibu la chini ya 4 ni nyembamba, yenye 4 hadi 5 ni ya wastani, na iliyozidi 5 ni nene. Raidi, toazi kubwa la kushikia mwendo, huhesabiwa kwa kipimo cha juu zaidi, kwa kuwa kazi yake ni nyingine: ile ya inchi 20 yenye gramu 1,800 hutoa 4.5 na ni nyembamba, yenye gramu 2,200 hutoa 5.5 na iko katikati, na yenye gramu 2,700 hutoa karibu 6.8 na ni nene kwelikweli.

Nasisitiza mizani kwa sababu jicho haliwezi kufanya kazi hii. Toazi la bronzi la inchi 18 lenye gramu 1,500 lina unene wa wastani wa takriban milimita 1 tu, na tofauti kati ya jembamba na nene la inchi hizo ni sehemu ya milimita. Vidole navyo hudanganywa na ukingo, ambao huenda umekerezwa ukawa mwembamba ilhali mwili uliobaki ni mnene. Mizani ya jikoni ya kielektroniki inayosoma gramu mojamoja hadi kilo 5 inatosha, bora sahani yake iinuliwe kwa bakuli dogo lililopinduliwa, ili ukingo wa toazi usigonge meza, na mizani irudishwe kwenye sifuri baada ya bakuli kuwekwa. Mizani ya springi inayotumiwa na wauza samaki haifai hapa, kwa maana hatua zake ni pana mno, na gramu 100 katika krashi ni tofauti inayosikika.

Sikio linasikia nini

Toazi nene hubeba sauti kubwa zaidi kabla ya kufika kikomo chake. Ukilipiga kwa nguvu, linaendelea kuongeza, ilhali jembamba hufika mahali ambapo nguvu za ziada haziongezi kitu ila huliumiza. Lakini nene huchelewa kufunguka, yaani hutoa mlio wa kijiti kwanza na mvumo baadaye, na likishafunguka hukawia kunyamaza. Jembamba hufunguka mara moja hata kwa pigo dogo, huvuma kwa upana, kisha hutoweka. Mtu anayepiga kwa mkono mwepesi akipewa matoazi manene hatawahi kuisikia sauti yake halisi, kwa sababu hayafikishi mahali yanapofungukia, na wengi wa namna hiyo hufikiri kwamba tatizo ni mkono wao.

Katika raidi jambo kuu ni uwiano wa mlio wa kijiti na mvumo. Anayepiga chakacha kwa mwendo wake wa sita kwa nane, tena wa haraka, anahitaji kila pigo lisikike limetengana na lingine. Raidi nyembamba sana huyaunganisha mapigo yote yakawa ukungu mmoja, na wachezaji hupoteza mahali pa kukanyagia. Kwa kazi hiyo mimi hutafuta raidi ya inchi 20 yenye gramu kati ya 2,150 na 2,400, ambayo kijiti chake ni wazi na bado ina mvumo kidogo wa kuziunganisha nafasi. Raidi nene zaidi ya hapo hulia kama nyundo juu ya chuma cha reli, na kwa mtu anayepiga saa tatu mfululizo usiku wa harusi, masikio huchoka mapema kuliko mikono. Kwa upande mwingine, raidi nyembamba ya inchi 22 yenye gramu 2,200 hivi, ambayo jibu lake ni 4.5, ni chombo kizuri mno kwa nyimbo za polepole, na inaweza kupigwa kama krashi bila kumshtua mtu. Mwenye fedha za toazi moja tu zaidi ya haihati, ile jozi ya matoazi inayofungwa kwa mguu, angefaidika zaidi na raidi ya namna hii kuliko na krashi mbili dhaifu.

Haihati ndiyo ngumu kuichagua, kwa kuwa ni matoazi mawili yanayozungumza. Katika jozi nyingi za inchi 14 la chini huwa zito kuliko la juu, na sababu yake inasikika mguuni: la chini likiwa nene, mkanyago hutoa mlio mfupi ulio safi, na la juu likiwa jepesi huitikia kijiti kwa upole. Jozi yenye gramu 900 juu na 1,150 chini ni mahali pazuri pa kuanzia. Jozi iliyozidi gramu 1,200 juu na 1,400 chini ina nguvu za kutosha kuingia katika kila maikrofoni iliyo jukwaani, na fundi wa mitambo hatakuwa na la kufanya, kwa sababu akipunguza sauti ya mwimbaji ndipo haihati nayo ipungue, atakuwa amempoteza mwimbaji. Kanisani kosa hili nalisikia kuliko mengine yote. Kabla ya kulaumu uzito, hata hivyo, hakikisha kwamba toazi la chini limeinamishwa kidogo kwa ile skrubu iliyo chini yake, kwa maana matoazi mawili yakikutana sawasawa hunasa hewa katikati, na mkanyago husikika kama mlango uliovimba.

Uzito si peke yake

Mtu anayejua gramu na inchi bado anahitaji kujua madini. Matoazi ya bei ya chini hutengenezwa kwa shaba ya manjano, mchanganyiko wa shaba na zinki, na sauti yake ni fupi na ya juu, bila kina kirefu. Yanayofuata ni ya bronzi ya B8, yenye asilimia 92 ya shaba na 8 ya bati, ambayo hukatwa kutoka bamba lililokwisha kuviringishwa na hutoa sauti ang'avu iliyonyooka. Bronzi ya B20, yenye asilimia 80 ya shaba na 20 ya bati, ndiyo ya jadi ya Istanbul, mji ambao kampuni ya Zildjian ilianzishwa mwaka 1623, na matoazi mengi ya madini hayo husubiwa moja moja kabla ya kuviringishwa, kugongwa nyundo na kukerezwa. Madini haya hayatofautiani sana uzito kwa ujazo, kwa hiyo mizani haiwezi kukuambia unachonunua ni kipi kati yake. Usiache mtu akushawishi kwamba toazi la shaba ya manjano ni zuri kwa kuwa ni zito. Ni la shaba ya manjano, na sasa ni nene pia.

Umbo lina sehemu yake. Nundu kubwa huongeza mlio na kuurefusha, na mgongo uliobinuka zaidi hupandisha sauti hata kama gramu hazikubadilika. Matoazi yanayogongwa kwa mkono hutofautiana hata ndani ya jina moja na inchi zilezile, na tofauti ya gramu 100 hadi 200 kati ya raidi mbili za aina moja si ajabu. Ndiyo maana kusikia toazi la rafiki na kuagiza jina lile lile hakukuhakikishii sauti ile uliyoisikia. Agiza jina pamoja na gramu.

Chumba unachopigia

Sehemu hii nimeiona ikipuuzwa mno, nami naamini ndiyo inayopaswa kutangulia. Makanisa mengi ya Mombasa yana kuta za plasta, sakafu ya vigae na paa la mabati lisilo na dari, na kila kimoja kati ya hivyo hurudisha sauti za juu. Krashi nene yenye mlio wa sekunde nyingi, ikipigwa mwanzoni mwa ubeti katika jengo kama hilo, bado iko hewani wakati mhubiri anapoanza kuzungumza muziki ukiendelea, na mlio wa pigo la pili hupanda juu ya wa kwanza. Krashi nyembamba hutoa mvumo wa chini unaonyamaza upesi, na jengo lenyewe huikuza kiasi cha kutosha. Kwa mpiga dramu wa kanisa la ukubwa wa kawaida ningependekeza krashi ya inchi 16 yenye gramu 900 hadi 1,000 na ya inchi 18 yenye gramu 1,250 hadi 1,450, na ningemwomba ajizuie kununua chochote chenye neno "Rock" au "Heavy" juu yake, hata kikiwa na punguzo la bei. Maneno hayo yaliwekwa kwa ajili ya watu wanaoshindana na vikuza sauti vya gitaa katika kumbi kubwa.

Kando ya bahari mambo hugeuka. Bendi inayopiga katika uwanja wa hoteli, kati ya bwawa na ufuo, haina kuta za kurudisha sauti, na upepo wa kusi huichukua sauti ukaipeleka mahali pengine kabisa. Hapo mtu hushawishika kununua matoazi manene ili asikike, lakini wageni walioketi mita 4 kutoka jukwaani wako mezani wanakula, na meneja atatuma ujumbe kabla ya wimbo wa tatu. Ushauri wangu ni kuongeza upana kabla ya kuongeza unene. Krashi ya inchi 19 au 20 yenye jibu la 4 hadi 4.5 husukuma hewa nyingi kwa pigo la wastani, na sauti yake ya chini hukaa chini ya mazungumzo ya watu, ilhali krashi nene ya inchi 16 hupenya katikati ya mazungumzo hayo kama mluzi. Bendi inayochanganya rumba, chakacha na bango, mtindo ambao Mzee Ngala aliujenga hapa Pwani kwa saksofoni yake, inahitaji hasa raidi yenye kijiti kilicho wazi na nundu inayosikika, kwa kuwa katika sehemu za haraka nundu ndiyo inayoshika mwendo.

Mwenye kufanya mazoezi nyumbani, katika gorofa za Mji wa Kale au Tudor, ambako ukuta wako ndio ukuta wa jirani, atahurumiwa zaidi akiwa na matoazi membamba na vijiti vyembamba vya 7A. Matoazi manene yakipigwa polepole hayasikiki vizuri hata kwa mpigaji, na humlazimisha aongeze nguvu.

Kuna na suala la usafiri, ambalo nalitaja upesi. Seti ya haihati, krashi mbili na raidi za uzito wa wastani ina gramu 6,700 hivi bila mkoba, na anayevuka feri ya Likoni kwa miguu na mkoba huo begani kila Jumapili anajua maana ya kilo mbili za ziada. Stendi nazo zina kikomo: raidi ya kilo 3 juu ya stendi nyepesi ya mguu mmoja itaanguka, nayo ikianguka hutua kwa ukingo.

Dukani

Nenda na vijiti vyako mwenyewe, mizani yako, na kama inawezekana mwenzako anayeweza kupiga. Omba toazi liwekwe juu ya stendi lenye sponji chini na juu, na parafujo ya mabawa ilegezwe ili toazi liyumbe kwa uhuru. Usikubali kulisikiliza likiwa limeshikwa mkononi mwa muuzaji au limebanwa. Anza kwa mapigo ya chini kabisa, kisha uongeze taratibu, ukisikiliza ni wapi linapofunguka. Kama ni krashi na unahitaji kuipiga kwa nguvu ambazo hutazitumia katika kazi yako, hiyo si yako. Kama ni raidi, piga mwendo mmoja mfululizo kwa dakika nzima na usikilize kama mvumo unapanda mpaka unakifunika kijiti au unatulia mahali pamoja. Mapigo machache hayakuonyeshi jambo hilo.

Kisha mpe mwenzako vijiti na usogee mbali, mpaka mlangoni au nje kabisa, kwa sababu mpigaji husikia zaidi mlio wa kijiti na msikilizaji husikia zaidi mvumo. Krashi iliyokuwa tamu karibu na sikio inaweza kuwa kali mita 10 mbele, na mara nyingi ni zile nene zinazogeuka hivyo. Baada ya masikio kutoa hukumu, na si kabla, lipime toazi na uandike gramu zake. Nasema si kabla kwa kuwa nambari ikitangulia huanza kukusikilizia. Ukipenda matoazi matatu katika maduka matatu, na ukakuta yote yana jibu la 4.2 hadi 4.5, umeshajua kitu kuhusu mkono wako ambacho hakuna muuzaji angeweza kukuambia, na tangu hapo unaweza kuagiza kutoka mbali kwa ujasiri.

Yaliyokwisha kutumika

Matoazi mengi mazuri yanayopatikana kwa bei inayofikika ni yale yaliyotumika, na sioni ubaya wowote ndani yake, kwa kuwa bronzi iliyotunzwa haizeeki upesi. Uzito, hata hivyo, huambatana na namna ya kuharibika. Toazi jembamba lililopigwa na mtu wa nguvu hupasuka ukingoni, kwanza ufa mfupi usiozidi ukucha, kisha ufa hugeuka na kufuata mistari ya kukereza. Toazi nene huonekana kama lisilokufa, lakini kwa kuwa halipindi, pigo zito lisilo na pa kwenda hulirarua pia, na ufa wake huwa mrefu upesi. Pitisha ukucha ukingoni mzunguko mzima, pande zote mbili. Tazama tundu la katikati: likiwa limekuwa na umbo la yai au limeota jino upande mmoja, toazi lilipigwa miaka mingi juu ya chuma bila bomba la plastiki. Kisha litundike kwa kidole kimoja kupitia tundu hilo, ligonge ukingoni kwa ncha ya kijiti, na usikilize. Mlio mzima huzunguka na kufifia, na mlio wenye ufa huwa na mkwaruzo ndani yake au hukatika ghafla.

Pima pia kipenyo kwa utepe. Kuna matoazi yaliyopasuka yakakatwa ukingo, na muuzaji huendelea kuyaita inchi 18 ilhali yamebaki inchi 17 na robo. Toazi lililokatwa limepoteza sehemu yake iliyokuwa nyembamba kuliko zote, kwa hiyo jibu la hesabu yetu hupanda na sauti nayo hupanda, na mara nyingi hupoteza ule mfunguko wa haraka. Kwa bei ndogo linaweza kukufaa kama toazi la athari maalumu, lakini si kama krashi yako kuu.

Rangi isikutishe. Hewa ya chumvi ya Mombasa na jasho la mikono huleta weusi na madoa ya kijani, ambayo hayaondoi uzito unaosikika. Uchafu uliojaa katika mistari ya kukereza ndio unaofifisha ung'avu, nao hutoka kwa maji ya uvuguvugu, sabuni laini na kitambaa, toazi likikaushwa mara moja. Limau na ukwaju, tunavyovitumia kung'arishia masinia, huacha madini wazi, na katika hewa yetu weusi hurudi ukiwa na haraka kuliko awali.

Ukiagiza kutoka mbali

Anayeagiza kutoka Nairobi, Dubai au Ulaya aulize mambo manne kwa maandishi: jina kamili la toazi, kipenyo, gramu, na kama lina ufa au lilikatwa. Baadhi ya mafundi wa Uturuki huandika gramu kwa kalamu upande wa chini wa toazi, na picha ya maandishi hayo ni bora kuliko ahadi. Muuzaji akijibu kwamba ni "wastani", mwambie kwa adabu kwamba wastani wa kiwanda kimoja ni mzito wa kiwanda kingine, na umwombe aliweke kwenye mizani. Wauzaji wazoefu hawachukizwi na ombi hilo. Omba pia rekodi ya sauti iliyochukuliwa kwa simu kutoka mita 2 au 3, ikiwa na pigo dogo, pigo la wastani na ukimya mpaka mlio uishe, kwa sababu urefu wa mlio ni jambo ambalo simu hulinasa vizuri hata inapoharibu mengine.

Mzigo ukifika kwenye ofisi ya basi au ukaletwa nyumbani, ufungue mbele ya aliyeuleta, tazama ukingo na tundu, kisha weka toazi kwenye mizani yako. Tofauti ya gramu 10 au 15 na ile uliyoambiwa ni ya mizani tu. Ikizidi gramu 50, toazi lililo mbele yako huenda si lile ulilolisikia kwenye rekodi, na wakati wa kuuliza ni kabla ya kutia sahihi.